Harith na Mashine ya Uongo

Wanangu, msije tena kunigongea mlango kuniuliza mtu ale nini kabla ya kukaa kwenye mashine ya uongo. Nimechoka kujibu uani, na majirani zangu hapa Ibra, Omani, washaanza kudhani nafanya uganga. Leo naandika. Anayetaka asome, asiyetaka akatafute waganga wa kweli.

Kwanza, mashine yenyewe haipo tena. Ilitumika miaka kadhaa tu, kwa vijana waliokuwa wakiomba upolisi katika kazi za kulinda stoo na vielelezo vya kesi, kisha ikaondolewa na sikumsikia mtu akiililia. Lakini hofu yake haikuondoka nayo. Nafasi zikitangazwa tu, utamwona kijana kaja na mamake: "Shikamoo Bi Thuraya. Ati nisile vitunguu?" Kula vitunguu, mwanangu. Mashine haina pua.

Niliyaona mengi kwenye chumba cha kupimia kule Nizwa, nilikokuwa mkalimani. Kijana mmoja wa Mudhaibi alishonewa hirizi na bibi yake, akaivaa kifuani ndani ya kanzu, papo hapo unapopita mkanda wa kupima pumzi. Kalamu ya pumzi ikachora mambo ambayo bosi wangu hakuwahi kuyaona tangu aanze kazi. Akaambiwa aivue, akaivua, na alipokwisha kuivua akawa hapumui sawasawa kwa kuikosa. Mwingine kalelewa na babu mcha Mungu mno, kila swali anajibu "Wallahu aalam." Jina lako Salim? "Wallahu aalam." Leo ni Jumapili? "Inshallah." Mashine ile inataka ndiyo au hapana, na yule mtoto kafundishwa tangu utotoni kuwa uhakika ni wa Mungu peke yake.

Na kahawa! Mnajua sisi hatuingii mahali tusipewe kahawa na tende, na asiyetikisa kikombe huongezewa. Sasa akaja kijana mmoja aliyerudi juzijuzi kutoka Tabora, hajui habari ya kutikisa. Farrashi, mtumishi wa ofisi, anamimina, yeye anakunywa kwa adabu, anamiminiwa tena, anakunywa tena. Alipokalishwa kwenye kiti moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, na bosi akadhani amekamata jambazi. Tangu siku hiyo nikawa nawapokea mwenyewe mlangoni na kuwaonyesha namna ya kutikisa kikombe.

Mimi niliingia kazi ile bila ya kuiomba. Nilikuwa nafundisha wanawake wakubwa kusoma na kuandika. Walitafuta mtu mwenye Kiswahili safi na Kiarabu cha kutosha, kwa sababu baadhi ya vijana wetu walirudi kutoka Afrika wakiwa wameshapata akili zao. Kiarabu chao kilitosha sokoni, hakikutosha kuapia. Kwa hiyo maswali yaliandikwa kwa Kiarabu, na mimi nikiyauliza kwa Kiswahili. Mambo ya mikanda kwa wanaume hayakunihusu. Palikuwa na askari wa kuwafunga, mkanda wa kifua, kitambaa cha presha mkononi, vibanio vya vidole. Mimi nilikaa pembeni nyuma ya kiti chao, wasinione uso.

Bosi wangu alikuwa Ustadh Jalal, Mwarabu wa nchi nyengine aliyeletwa kwa mkataba, mwembamba, mpole, mvuta sigara. Yeye ndiye aliyenifundisha kuuliza. Siku za mwanzo nilikuwa nasema, "Mwanangu, umewahi kuchukua kitu kisicho chako?" kwa sauti ya mama, na kalamu zote zikiruka, hata za wasiowahi kuchukua sindano. Ustadh akaivua miwani yake. "Ya Thuraya, unauliza au unabembeleza?" Akaniambia niulize kila swali kama mtu anayesoma bei ya nyanya. Nilifanya mazoezi nyumbani. Marehemu mume wangu akiingia tu namwambia, "Umekula? Ndiyo au hapana." Wiki nzima alidhani nimemkasirikia, akaja na kitenge kipya kuniomba radhi kwa kosa asilolijua. Kitenge nilikipokea.

Basi ngoja niwape dawa mnayoitafuta, maana ni fupi. Lala usingizi wa kutosha. Kula. Vaa nguo isiyobana. Na kabla hujafungwa mikanda utasomewa maswali yote, moja baada ya moja, hapana swali la kushtukiza. Ukiwa na la kueleza, lieleze hapo hapo. Mtu aliyesema "niliwahi kuvuta sigara ya baba na kumsingizia kaka" alipita bila taabu. Aliyekaa nalo moyoni, akalifungia pamoja na mkanda, huyo ndiye kalamu zilimchora.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida yetu, sisi tuliorudi kutoka Afrika. Tumelelewa kwa sitara. La nyumbani halitoki nje, na la nje halisemwi mbele ya wageni. Kila ukoo uliacha mtu huko, na kila ukoo ulikuwa na jina ambalo likitajwa, mtu mmoja hunyanyuka akaenda kutazama chungu jikoni. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Na hawa vijana waliolelewa hivyo ndio wakaambiwa wakae mbele ya mashine, waseme kila kitu kwa ndiyo na hapana.

Harith alikuwa mmoja wao. Namtaja kwa sababu mwenyewe kaniruhusu, ingawa jina hili si lake, na kwa sababu mamake, Bi Zuwena, keshatangulia mbele ya haki. Angekuwa hai nisingeandika hata neno.

Bi Zuwena alirudi Ibra kwa watu wa baba yake na mtoto huyo mmoja, kutoka Kigoma. Mumewe alikuwa mfanyabiashara. Aliondoka siku moja kwenda ng'ambo ya ziwa kufuata mzigo na hakurudi. Walimngoja, wakauliza, wakatuma watu. Miaka ilipopita bila habari, kadhi akahukumu kuwa ni mafkudi, mtu aliyepotea ambaye sharia inamhesabu amekufa. Bi Zuwena akakaa eda hapa Ibra, miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila wanja. Alipotoka edani, baada ya muda akaolewa na Mzee Humud, mwenye duka la vifaa vya umeme. Alikuwa mtu mwema. Alimsomesha Harith na hakumuita hata siku moja mtoto wa kambo.

Harith alipoomba upolisi, mama alifuatana naye mpaka Nizwa, kama kina mama wetu wanavyofanya, na chupa ya chai na kikapu cha vitumbua. Akakaa nje kivulini. Sisi tukaingia.

Maswali ya mwanzo huwa mepesi kwa makusudi. Unauliza lile ambalo jawabu lake linajulikana, ili uone kalamu zinavyokwenda mtu anaposema kweli. Ukweli ukishaujua sura yake, ndipo unauliza mazito.

"Jina lako Harith?"

"Ndiyo."

"Hapa tupo Nizwa?"

"Ndiyo."

"Baba yako yu hai?"

"Hapana."

Kalamu ikaruka mpaka ikaingia kwenye mstari wa jirani yake, wino ukachuruzika. Ustadh akadhani karatasi imekwama. Akairekebisha, akaniashiria nirudie. Nikarudia, ikaruka. Tukaenda kwenye mazito, wizi, bangi, rushwa, kupigana. Kimya kabisa, mistari imelala kama imepigwa rula. Tukarudi kwa baba, ikaruka tena.

Harith alipofunguliwa mikanda akatoka, Ustadh akawasha sigara. "Anayedanganya kwenye jepesi, zito atalifanyaje?"

Nikamwambia, "Ustadh, huyu hadanganyi. Huyu hajui. Babake alipotea. Liondoe swali hilo."

"Limo kwenye karatasi za serikali kuwa babake kafa. Siwezi kuliondoa, litaulizwa na wakubwa kwa nini nimeliondoa."

"Basi muandike 'sijui'."

"Sijui haipo hapa, Thuraya. Ndiyo au hapana."

Hakuwa mtu mbaya. Angeweza kumkata papo hapo, na wengine alikuwa akiwakata kwa machache kuliko hayo. Lakini akasema kijana akatulie, aje tena baada ya Idi, na akija mistari ikiruka tena basi khalas, nafasi apewe mwengine.

Nilimkuta Harith amesimama kwenye gari yangu. Mama alikuwa anasali adhuhuri. Nikamuuliza, "Kwa nini hukumueleza Ustadh aliposoma maswali? Muda ule ulikuwa wako."

"Ningesemaje, mama?" Alikuwa bado ana Kiswahili cha Kigoma, huita kila mwanamke mama. "Nikisema baba yu hai, mama yangu anakaa na Mzee Humud kwa ndoa gani?"

Nikafungua mlango wa gari joto litoke.

Akaendelea mwenyewe, anatazama tairi. "Siku ile alikuwa ananikata nywele. Alikuwa ananikata mwenyewe, hataki kinyozi. Kamaliza upande mmoja, lori likapiga honi. Akaniambia, 'Upande wa pili nikirudi.' Nikakaa na nywele upande, shuleni wananicheka, mama anabembeleza amalizie, nakataa. Mpaka mjomba akanishika kwa nguvu. Mimi mama sijawahi kusema 'marehemu baba'. Nasema tu 'baba'. Hakuna aliyewahi kuniuliza ndiyo au hapana."

Tulirudi Ibra sote watatu. Bi Zuwena mbele, Harith nyuma amefumba macho. Tumetoka nje ya Nizwa tu, mama akaanza. "Limemkamata swali gani?"

"Hatusemi, Bi Zuwena. Ni amana."

"Wizi?"

"Hatusemi."

"Wanawake?"

"Bi Zuwena, wallahi hatusemi."

Tukapita Sinaw, tukapita Mudhaibi, hakula wala hakunywa, vitumbua vimo mapajani. Kisha akasema taratibu, kama anayezungumza na kioo, "Ni la babake." Sikujibu, na kutojibu kwangu kukawa ndiyo jawabu.

Asubuhi ya pili alikuja kwangu. Hakutaka kahawa. "Bi Thuraya, mie nilikaa eda. Nililia nikamaliza. Yeye alikuwa mtoto, nikimwona ananitazama tu mlangoni na nguo zangu nyeupe, nikasema mtoto hajui kitu. Hatukuweka matanga, maana maiti hapana. Hapana mtu aliyempa mkono. Mtu mzima yule, hajapewa mkono wa babake."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitamuwekea tanzia."

Mnajua desturi ya hapa. Mtu akifa, wanaume wa ukoo hukaa kwenye sabla, ukumbi wa ukoo, siku tatu, watu huja kuwapa mkono, wakinywa kahawa na kusoma. Lakini tanzia ya mtu aliyekufa kwa hukumu ya kadhi, miaka yote hiyo nyuma? Wazee walinong'ona. Mmoja alisema ni bidaa, mwengine akasema huyu mama kapata wazimu. Aliyewanyamazisha ni Mzee Humud. Alikwenda mwenyewe kufungua sabla, akapanga mazulia, akamkalisha Harith mahali pa mfiwa, na yeye, mume wa mama, akakaa ubavuni mwake. Watu walipoona hivyo hapana aliyethubutu kubaki nyumbani.

Siku tatu watu walipita. "Ahsana llahu azaak, ya Harith." Yaani Mungu akupe subira njema. Mkono kwa mkono, wazee, vijana aliosoma nao, wateja wa duka la umeme, Wahindi wa jirani. Sisi wanawake tulikuwa nyumbani kwa Bi Zuwena, tunasoma hitma. Siku ya kwanza, nasikia, Harith alikaa mkavu. Siku ya pili pia. Siku ya tatu, baada ya alasiri, akaja mzee mmoja asiyeona, anaongozwa na mjukuu wake, akaupapasa uso wa Harith kisha akasema, "Mungu amrehemu baba yako." Harith akajibu, "Amina. Mungu amrehemu marehemu baba." Akalia mpaka Mzee Humud akamshika kifuani. Walipotuletea habari, Bi Zuwena alifunga msahafu akaubusu, akasema, "Alhamdulillahi. Mwanangu kazika."

Nilifurahi, sitaki kuwaficha. Nilifurahi na moyo unaniuma. Mtu anakatazwa kuomboleza utotoni kwa kuonewa huruma, kisha analazimishwa kuomboleza ukubwani kwa ajili ya kazi. Lakini nani kati yetu aliyekuwa na njia bora? Niambieni, nyinyi mliosoma.

Baada ya Idi tukarudi Nizwa. Mikanda, kitambaa, vibanio.

"Jina lako Harith?"

"Ndiyo."

"Baba yako yu hai?"

"Hapana."

Mistari ikapita imelala. Hata kutikisika haikutikisika. Ustadh akarudia mara tatu, kisha akaiinua karatasi kwenye mwanga, akatabasamu. "Hivi ndivyo mtu anavyojitayarisha," akasema, na akawa akimtolea mfano kwa wengine, bila ya jina. Harith akaandikwa kazi. Bi Zuwena alipiga vigelegele pale nje ya ofisi mpaka askari wa lango akaja kutazama.

Alipelekwa Sur. Akaoa huko, akapata watoto, akawa anakuja Ibra kila Alhamisi jioni na samaki kwenye barafu. Ustadh Jalal mkataba wake ulikwisha, akarudi kwao. Ikaja kompyuta badala ya kalamu, wino hapana tena, mistari inapita kwenye skrini na anayeisoma ni kijana aliyesomea nje. Alikuwa mzuri, hakuhitaji sauti yangu sana, maana vijana waliokuwa wakija sasa walizaliwa hapa hapa na Kiswahili chao ndicho kilichohitaji mkalimani. Halafu hiyo nayo ikafungwa, na mimi nikastaafu.

Nilikuwa nimeshastaafu Harith alipokuja. Haikuwa Alhamisi. Alikuja na sare, moja kwa moja kutoka Sur, akaingia uani kwangu bila ya kupitia kwa mamake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Akakaa, akaeleza. Alikuwa amefuatwa kazini na mtu wa ukoo wa babake, aliyekuwa akifanya biashara baina ya Kigoma na ng'ambo ya ziwa. Mtu huyo alimletea habari kwamba babake amefariki. Amefariki mwaka ule, kabla ya Ramadhani.

Nilidhani sikusikia vyema. "Mwaka huu?"

"Mwaka huu, mama."

Babake alifungwa huko ng'ambo, kwa kosa la mzigo wa mtu mwengine. Alipotoka mguu mmoja ulikuwa haufanyi kazi. Aliporudi Kigoma nyumba ilikuwa ya watu wengine, akaambiwa mke na mtoto wamekwenda kwa wazee wao Omani. Akaanza kutafuta nauli. Kisha zikamfikia habari kuwa Bi Zuwena alikaa eda, akatoka, akaolewa na mtu mwema. Hapo akaacha kutafuta nauli. Akamuapisha huyo jamaa yake asiseme. "Mwacheni na sitara yake," alisema. Akarudi ng'ambo, akawa anashona viatu, na kila msafiri aliyetoka huku alimuuliza habari za kijana mmoja wa Ibra, bila ya kusema ni nani wake. Alifurahi sana, akasema huyo jamaa, siku aliyosikia kuwa kijana huyo amekuwa polisi.

Harith alivua kofia akaiweka pajani. "Kwa hiyo siku ile ya kwanza, alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Na siku ya pili alikuwa hai."

"Ndiyo, mwanangu."

"Siku niliyosema kwa mdomo kafa na moyo ukakataa, wakaniambia mwongo. Siku moyo wenyewe ulipokubali kuwa kafa, wakaniandika kazi."

Nilitaka kumwambia kwamba hakudanganya, kwamba mtu hadanganyi kwa asilolijua. Maneno hayo ni ya kweli na hayakuwa na faida yoyote. Nikalia. Yeye hakulia bado.

"Mama asijue," akasema. "Akijua atahesabu kila siku aliyokaa na Mzee Humud. Atakwenda kwa kadhi na uzee ule. Asijue."

"Hatajua kwangu." Na hakujua mpaka tunamzika.

"Tabu ni kwamba tanzia yake nishaipokea. Sabla nzima ya Ibra ilinipa mkono. Sasa nitamwambia nani nimefiwa?"

Hapo ndipo alipolia, mtu mzima na nyota zake begani, kaziba mdomo kwa kofia ili sauti isivuke ukuta. Akaninyooshea mkono. "Nipe wewe, mama. Wewe ndiye uliyeniuliza."

Mimi si jamaa yake, na desturi zetu mnazijua, mwanamke hampi mkono mwanamume wa kando. Niliushika mkono ule kwa mikono yangu miwili. "Ahsana llahu azaak, ya Harith. Mungu amrehemu baba yako."

"Amina," akasema.

Kisha akanawa uso kwenye bomba, akavaa kofia, akaniuliza kama macho yake yako sawa. Nikamwambia yako sawa. Akaenda kula chakula cha mchana kwa mamake.